Ishirini na Sita Waliingia Pangoni

Imani, na wewe Eliya, mmeniomba mara tatu kwa simu niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa mimi nimestaafu na ninyi, mliokuja mwaka wangu wa mwisho, ndio mmebaki kule mlimani. Nimechelewa kwa sababu kuna jambo nilitaka kwanza nilimalize. Mshahara mnaujua, na vyeo sikupata vya kujazia barua. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, vyombo gani vilinifaa, na kitu kimoja nilichokificha kwenye ripoti ambacho karibu kinipotezee rafiki pekee niliyebaki naye tangu ujana. Hicho msikisome mkiwa na wageni mbele ya kaunta.

Nilifika Louisville, jimbo la Kentucky, nikiwa na miaka arobaini na saba, mke mmoja, mtoto mmoja, na ule mfuko mweupe wa karatasi za safari ambao kila mkimbizi anaujua. Sisi ni Warundi tuliokulia Tanzania. Kambini, mkoani Kigoma, ndiko nilikojifunza kusoma na ndiko nilikooa. Mke wangu Anastazia hakumaliza mwaka wa pili Marekani, figo zilimshinda. Kijana wetu Ezekieli akapata kazi ya ghala Buffalo, akaenda. Mimi nikabaki kwenye chumba kimoja, mchana nafungasha kuku kiwandani, jioni sina hata mtu wa kumwambia kwamba kuku wa leo walikuwa wa baridi kuliko wa jana.

Dada mmoja wa ofisi iliyotupokea ndiye aliyeniambia kuna kazi ya usafi kwenye hifadhi ya mlima, saa tatu kwa gari kutoka mjini, na kwamba kazi hiyo inakuja na nyumba. Nyumba yenyewe mnaijua: ina magurudumu lakini haijatembea tangu ilipowekwa. Nilikubali kwa sababu ya mlima. Mama yangu alikufa akiisimulia milima ya Burundi ambayo mimi niliiacha nikiwa mgongoni mwake. Nilidhani mlima ni mlima, popote ulipo.

Siku ya kwanza nilimkuta Vernon. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mzee wa kizungu, mwenyeji wa milima ile tangu babu wa babu yake, mrefu, mkavu, na maneno aliyatoa kwa kipimo. Alinionyesha vyoo, akanionyesha stoo, kisha akanionyesha kwa kidole njia iendayo mpaka kwenye vibanda vya magogo, akasema niitunze mpaka atakaporudi. Mimi nikaangalia ile njia. Ilikuwa imejaa majani makavu, mpaka aibu. Nyumbani mtu mwenye heshima zake haamki na ua wenye majani. Nikakata vijiti, nikavifunga fagio, nikainama, nikaanza kufagia.

Vernon aliporudi saa sita nilikuwa nimefagia karibu kilomita mbili za msitu. Njia ilikuwa nyekundu, safi, ina michirizi ya fagio kama ua wa mtu anayengoja wakwe. Alisimama. Akaketi juu ya jiwe. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nilisimama na fagio langu nikijua nimeharibu ila sijui nimeharibu nini. Alipomaliza kucheka aliniambia kwamba majani ndiyo shuka la njia. Ukiyaondoa, mvua inachukua udongo. Mvua ilikuja usiku uleule na ikachukua udongo. Tulikaa siku mbili kuurudisha kwa ndoo, na hakuwahi kumwambia bosi. Kwa hiyo, Eliya, siku uliyopaka rangi kile kibanda cha magogo cha miaka mia mbili ili "kipendeze", sikukucheka kwa ubaya. Nilikuwa nakumbuka.

Kuhusu vyombo, nitasema vitatu. Cha kwanza ni lile shoka lenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili. Lile lenye mpini uliofungwa utepe wa buluu ni langu, na lina uzito unaofaa. Msimpe mtu wa kujitolea anayekuja kwa wikiendi moja. Cha pili ni macho yako wakati wa mvua. Wengi hukimbilia ndani mvua ikinyesha. Vernon alikuwa anatoka. Alinifundisha kufuata maji yanavyoshuka njiani, na mahali yanapochimba ndipo tunalaza gogo kwa mshazari ili yatoke pembeni. Ukilaza gogo moja kwa moja maji yanaruka juu yake, na kesho unalaza jingine. Nimelaza magogo mengi kwenye ule mlima, na naweza kuwatajia yale niliyolaza vibaya.

Cha tatu ni kile kidude cha kuhesabia watu, cha chuma, kinachotosha kiganjani. Kila mtu akipita unabonyeza kwa dole gumba, kinalia tik, na namba inapanda. Nilipewa mwaka wa sita, walipokosa watu wa kuongoza wageni pangoni wakanipandisha mimi na Kiingereza changu cha kuokoteza. Vernon alikiweka mkononi mwangu na kunipa sheria: hesabu wakiingia, hesabu katikati, hesabu wakitoka. Namba tatu zifanane. Zisipofanana, huongei na mtu, unarudi ndani na taa. Nikamuuliza kwa nini nisiwaulize tu kama wote wapo. Akasema, "Watu watakujibu wanavyopenda. Hicho kidude hakina ndugu kwenye kundi."

Pango mnalijua, lakini nitasema mawili kwa ajili ya yeyote atakayewafuata. Tunaliita Pango la Baruti kwa sababu wale walowezi wa kwanza, waliopita mlima ule na maksai na watoto, walichimba humo udongo wa chumvi ya kutengenezea baruti. Yale masanduku makubwa ya mbao katikati ya pango, marefu kuliko mtu, ndimo walimokuwa wanachuja udongo huo. Geti ni la nondo zilizolazwa ili popo wapite na watu wasipite. Nilikuwa nawasimulia wageni jinsi walowezi walivyovuka wakiwa na chungu, blanketi na mbegu, wakalala njaa, wakazika watoto njiani. Wageni walikuwa wanatikisa kichwa kwa huruma. Kisha mmoja ananiuliza, "Na wewe umetoka wapi?" Nasema Louisville. "Hapana, kabla ya hapo." Nami namwambia tuendelee, angalia kichwa, dari ni fupi. Wale waliokuwa wakiishi pale kabla ya walowezi hawana kibanda cha kuonyesha, na hilo pia nilikuwa nalisema, hata kama halimo kwenye karatasi ya bosi.

Sasa niseme lililo gumu kuliko shoka. Kule juu nilikuwa mpweke, jamani. Watu walikuwa wema, siwasingizii. Walinisalimu, waliniletea keki ya Krismasi. Lakini kabla ninyi hamjaja, toka Jumatatu mpaka Jumapili nyingine sikusikia neno la Kiswahili isipokuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nasali kwa sauti ili nilisikie. Nilikuwa napika sufuria ya watu wanne kwa sababu mkono haujui kupika ya mmoja, halafu nakula ileile siku nne. Anastazia yuko makaburini Louisville, Ezekieli yuko Buffalo na shifti zake. Nilibaki na Lazaro.

Lazaro tulikua naye kambini, nyumba zetu zilitazamana. Yeye alipelekwa Columbus, mimi Louisville, na hakuna aliyetuuliza. Mlimani simu inashika sehemu moja tu, pale kwenye mwamba wa kuangalia bonde. Kila Jumapili baada ya kazi nilipanda pale na kumpigia. Tulicheka habari za kambini, tukatukanana kama watani tulivyo, na kila mara nilimaliza kwa kumwambia, "Njoo uone ninapokaa." Kila mara alisema, "Nakuja, Simoni, shifti tu zikipungua." Alisema hivyo miaka kumi na miwili.

Lazima mwelewe kitu kimoja cha kambini, maana ninyi mlitoka mkiwa wadogo. Kulikuwa na siku za kuhesabiwa. Watu wote wanasimama, karani anasoma majina, unaitika. Asiyeitika jina lake linakatwa, na likikatwa hakuna unga, hakuna mahindi, na hata zile orodha za kwenda nje hutaziona. Lakini wanaume walikuwa wanatoka kambini kwa siri kwenda kulima mashamba ya wanavijiji, kwa sababu unga wenyewe haukutosha. Kwa hiyo jirani anakuitikia. Unageuza sauti kidogo, unasema "Yupo!", karani anapiga tiki. Nilimwitikia Lazaro mara tatu. Ya tatu alikuwa amekwenda mbali, na siku ile ndipo walipoandika orodha iliyotuleta huku. Yeye mwenyewe alikuwa akisema mbele za watu kwamba alifika Marekani kwa mdomo wa Simoni. Kambini hilo halikuwa uongo. Lilikuwa ujirani.

Mwaka wa kumi na mbili kanisa la Columbus, lenye Warundi na Wakongo pamoja, liliamua kufanya matembezi. Lazaro ndiye aliyewaambia waje mlimani kwetu. Walifika Jumamosi kwa basi la kukodi, watu ishirini na watano pamoja na yeye, na dereva wa ishirini na sita. Nilikuwa nimepiga pasi sare mara mbili. Basi lilipofunguka nikasikia Kiswahili kinamwagika nje kama watu wanaotoka ibadani, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia. Lazaro alishuka wa mwisho, kavaa koti la suti. Akanitazama kofia, akasema, "Kumbe wamekupa ukarani!"

Niliwaongoza ziara ya mwisho ya siku. Kina mama walikuja na vitenge na viatu vya kanisani, na pale mlangoni, kwenye kapeti yenye dawa ya kulinda popo, ilinichukua robo saa kuwashawishi waikanyage. Mama Furaha, Mkongo wa kutoka Uvira na kiongozi wa kwaya, alitaka kujua kama popo wa huku wanalipiwa bima. Nikahesabu wakiingia: ishirini na sita. Katikati, kwenye masanduku ya walowezi: ishirini na sita. Niliwasimulia kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na maneno niliyokuwa nayasema kwa Kiingereza miaka saba yakawa na uzito ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Nilipofika kwenye watoto waliozikwa njiani hakuna aliyetikisa kichwa kwa huruma. Walikuwa wanajua.

Wakati wa kutoka nilisimama nje ya geti. Mkononi nilikuwa na karatasi ya majina waliyojiandikisha kaunta. Mama Furaha akaiona.

"Papa Simoni, soma ile majina sawa vile walikuwa wanasoma kule ku kambi! Donc kila mutu aitike!"

Wote wakashangilia. Nikavaa sura ya karani, nikakohoa, nikasoma. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa ambalo Vernon asingeliota hata akiumwa homa. Watu walikuwa wanapita kwenye geti huku wakiitika, na wakaanza kuitikiana. Ukimwita huyu anaitika yule kwa sauti ya kizee, watu wanaanguka kwa kicheko. Nikamwita Lazaro. Sauti tatu zilijibu kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa ya mkewe, Mama Neema: "Yupo!" Nikacheka mpaka nikafuta macho. Nikapiga tiki.

Karatasi iliisha na majina yote yalikuwa na tiki. Lakini dole gumba langu lilikuwa na mazoea yake. Lilikuwa limebonyeza muda wote bila mimi kuliambia. Nikatazama kidude. Kilisema ishirini na tano.

Nisikilizeni vizuri. Niliiona namba. Nilijua sheria. Kurudi ndani ingenichukua dakika kumi. Lakini kina mama walikuwa wameshafunua masufuria kwenye meza za chini, sombe, yaani kisamvu, na samaki na ugali, harufu ilikuwa inapanda, na walikuwa wananiita kwa jina, wengi kwa pamoja. Miaka mingi sikuwa nimeitwa kula na watu wengi namna ile. Nikajiambia dole limeruka mtu wakati nacheka. Nikazungusha kile kidude kikarudi sifuri. Nikazima taa za pangoni, nikafunga geti.

Tukala. Tukaimba. Nikawapeleka kwenye vibanda vya magogo. Mimi nilidhani Lazaro amelala kwenye basi, maana alikuwa ametoka shifti ya usiku. Mkewe alidhani yuko na mimi. Ilipita saa moja na dakika arobaini mpaka Mama Neema aliponijia na sahani iliyofunikwa, akaniuliza, "Shemeji, umemweka wapi mwenzio?"

Nilikimbia ule mteremko na umri wangu ule. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea sanduku la mbao, mikono magotini, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini kwa kukanyaga kijito gizani, na kiganja kimechunika. Nikamwangazia. Alisema neno moja tu, "Umekuja." Nilimpa koti langu la sare, nikamshika mkono mpaka nje. Watu walipiga vigelegele, wakamcheka kwa upendo, wakamfuta. Yeye hakucheka. Basi lilipoondoka alikuwa dirishani upande wangu, na hakunipungia.

Ripoti niliiandika usiku uleule. Niliandika kwamba nilisoma majina badala ya kuhesabu vichwa, na kwamba watu waliitikiana. Bosi alinisikiliza bila kuelewa. Akauliza kidude kilisema nini. Nikamwambia sikubonyeza. Huo ndio uongo wangu, Imani, na ndiyo maana nimewaandikia. Nilipewa wiki mbili za kukaa nyumbani, kisha nikarudishwa njiani na shoka langu, pangoni sikuongoza tena. Wakaweka sheria mpya ya kutosoma majina, ile mnayoiona ukutani na kuishangaa. Vernon, ambaye alikuwa ameshastaafu, alikuja na gari lake bovu akaketi mlangoni kwangu. Nilimsimulia nilichoandika. Akanitazama mkono muda mrefu, akasema, "Dole lako halijawahi kukaa bila kubonyeza." Akanywa kahawa yake, akaenda. Neno hilo hakulirudia tena mpaka alipofariki.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenye mwamba. Simu ililia mpaka ikakatika. Jumapili nyingine akapokea Mama Neema. "Ametoka, shemeji." Nikajua kwa sauti yake kwamba amekaa pale pembeni. Ikawa ametoka, ameoga, amelala. Mwaka ukapita, na wa pili, na mimi bado napanda. Sikuwa napanda kwa tumaini, nisijipambe. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia, na miguu ilikuwa imezoea njia. Miaka minne ile ya mwisho nilifanya kazi nzuri kuliko zote. Lile daraja dogo la mawe mnalopita kila asubuhi nililijenga peke yangu, kwa sababu nilikuwa naogopa kufika nyumbani mapema.

Nilipostaafu Ezekieli alikuja kunichukua. Sasa nipo West Side, Buffalo, kwenye nyumba ya mbao inayolia kila mtu akipanda ngazi, na nikawaza kwamba upweke nimeuacha Kentucky. Haikuwa hivyo. Mwanangu na mkewe wanaingia kazini kwa zamu, wanaachiana ufunguo mlangoni. Wajukuu ni wazuri, wana adabu, nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, kisha wanapanda juu. Natembea Grant Street, nanunua unga dukani kwa Mkongo mmoja, tunaongea bei ya unga. Napanda basi la mji kwenda na kurudi. Siku moja nilijikuta ndani ya basi dole gumba linabonyeza hewa kila mtu akiingia. Walikuwa kumi na moja. Nikashuka kituo changu nikiwa na hasira ambayo sikuijua imetoka wapi, nikamwambia Ezekieli anipeleke stesheni ya mabasi.

"Baba, Columbus kuna nini?"

"Kuna Lazaro."

"Lakini si hapokei simu zako?"

"Mlango ataupokea," nikasema.

Safari ilikuwa ya siku nzima, na kungoja basi Cleveland kwenye viti vya chuma. Njia nzima nilipanga maneno. Mama Neema alifungua mlango, akaweka mkono mdomoni. Akanikumbatia, akanionyesha chumba cha ndani, akaenda jikoni na kuufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo mwanamke yule hajawahi kulifanya kwa hiari.

Lazaro alikuwa kwenye kochi, amezeeka. Nadhani na yeye aliniona hivyohivyo. Tukasalimiana kwa mkono. Sikuketi.

"Lazaro, siku ile nilikuwa na kidude mkononi. Kilisema ishirini na tano. Nilikiona. Nilijua kuna mtu ndani, nikafunga geti nikaenda kula. Nimekuja kukuambia hilo tu."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma pipa la taka barabarani, nikasikiliza mpaka magurudumu yakaisha.

"Ulijua ni mimi?"

"Hapana. Nilijua ni mtu."

"Keti basi," akasema. Nikaketi. Akajipangusa uso kwa kiganja, kile kilichochunika. "Nilijificha, Simoni."

Sikuelewa.

"Nilikuwa nyuma ya lile sanduku. Nilikusikia unasoma majina kama yule karani wetu. Nikasema nijifiche nikutanie, unitafute kidogo. Nikamsikia mke wangu ananiitikia, nikacheka humo ndani peke yangu. Nikasema, Simoni hawezi kudanganywa na hilo, yeye ndiye fundi wa hilo. Halafu taa zikazimika, na simu nimeiacha kwenye basi."

"Ukaita?"

"Nikaita. Mlikuwa mnaimba." Akageukia televisheni. "Nusu ya kwanza ya ule muda nilikulaani. Sitakuficha. Nusu ya pili baridi iliniingia, nikaanza kuwaza. Nikasema, huyu mtu amekaa huku miaka kumi na miwili. Alinipigia kila Jumapili, njoo uone ninapokaa. Na mimi niko saa tano tu kwa gari. Nimekwenda harusi Buffalo mara mbili, nimekwenda mazishi Louisville, kwake sijafika. Leo nimekaa saa moja hapa gizani nataka kufa. Ulipokuja na taa, nilishindwa kukutazama. Sikuwa na hasira, ndugu yangu. Ilikuwa aibu. Kila simu ikilia nilikuwa nasema nitapokea ya kesho."

Miaka minne nilipanda ule mwamba nikijua nimechukiwa. Nilimtazama nikataka kumpiga, na nikataka kumshika, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nililia tu, na yeye akalia, wazee wawili na televisheni imewashwa bila sauti. Mama Neema akasukuma mlango na ugali, akatukuta hivyo. Akaweka sinia katikati yetu, akasema tunawe mikono kabla ugali haujapoa.

Tulipomaliza kula Lazaro aliniuliza nimekuja kukaa siku ngapi. Nikamwambia tiketi yangu inasema nirudi Buffalo Jumapili.

"Jumapili ipi?" akasema.